Siku Mzee Taratibu Alipokurupuka

Ijumaa ya tarehe thelathini Juni, baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne, mhariri wetu mkuu wa kamusi anafunga kabati lake na kustaafu rasmi. Wageni wanamfahamu kwa jina lililoandikwa mlangoni pake. Sisi tunamwita Mzee Taratibu, na jina hilo limemkaa kiasi kwamba siku moja mtu alipouliza kwa simu jina lake la kweli, karani wa mapokezi alimjibu kuwa hapa hatuna mtu kama huyo.

Ni karani huyohuyo aliyembatiza. Katika wiki ya kwanza ya Mzee kazini, karani alimuuliza kijana huyo mgeni kama angependa chai ya maziwa au ya rangi. Kijana akajibu, "Taratibu, dada, ngoja nifikirie." Chai ikapoa. Akaletewa nyingine, nayo ikapoa. Ilipofika saa ya kutoka akaja mapokezi na kikombe mkononi, akasema kwa adabu zote, "Ya rangi." Tangu siku hiyo hajawahi kuulizwa tena. Huletewa ya rangi tu.

Alikuja kwetu kutoka ualimu, pamoja na rafiki yake wa tangu shule, yule aliyekuja kuwa mkurugenzi wetu kwa miaka mingi. Ofisi wakati huo ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la mshona viatu, na kila ukurasa wa toleo la kwanza ulinukia gundi. Kamusi nzima ilikuwa kwenye kadi, kila neno na kadi yake, ndani ya makabati ya droo ndogo ndogo. Siku ya kuyahamisha makabati kuja jengo hili, marafiki hao wawili waliyapakia wenyewe kwenye mkokoteni, mmoja anavuta, mwingine anasukuma. Walipofika katikati ya barabara, mvua ikawateremkia bila salamu. Wale waliokuwepo wanakumbuka juma zima lililofuata: kamba zimefungwa kutoka dirisha hadi dirisha, na kadi zimening'inizwa kwa vibanio vya nguo kama fulana za watoto wachanga. Herufi M peke yake ilijaza kamba nne. Watu wa ofisi za jirani walikuja kutazama maneno yakikaushwa, na Mzee Taratibu alipita chini yake ameinama, akiyageuza moja moja yasikunjamane.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na hakuna aliyeifanya kwa mapenzi zaidi. Neno likizuka mjini, yeye alikuwa wa kwanza kulikimbilia, kama kukimbia ndilo neno linalomfaa. Aliyasikiliza maneno kwenye foleni, kwenye ngazi, kwa wauza matunda. Aliendelea kwenda kwa kinyozi hata kichwa kilipokuwa hakina tena cha kunyoa, kwa sababu, alisema, yule kinyozi ana misemo na nywele si hoja. Alikuwa na imani moja tu kuhusu maana: kwamba maneno mawili hayawezi kubeba mzigo mmoja. Ukiona yanafanana, hujayatazama vizuri.

Wenzetu wapya wameisikia nusu nusu habari ya neno lililomtoa ofisini. Leo tunaieleza yote, na yeye mwenyewe ameturuhusu, ingawa alichukua siku tatu kuturuhusu.

Ilikuwa wakati wa toleo la pili. Kiwanda cha uchapaji kilikuwa kinatusubiri, kurasa zimezidi, na mkurugenzi alikuwa ametoa amri kwamba kila maelezo yapunguzwe. Tukaingia kwenye chumba cha mikutano na herufi K, kila mtu na mkasi wake. Yakapita maneno mengi kwa amani. Tukafika kwenye *kukurupuka*.

Mzee Taratibu alikuwa ameliandikia neno hilo mistari mitano. Alianza na kware anayekurupuka kichakani mtu akimkanyagia karibu. Akaja kwa mtoto anayekurupuka usingizini. Kisha akafika kwenye maana tunayoisikia kila siku redioni, ya uamuzi wa kukurupuka: klabu iliyomfukuza kocha asubuhi ya kipigo, mtu aliyeuza nyumba kwa kusikia uvumi sokoni. Na kwa kuwa alijua watu wangeichanganya na ndugu zake, akaeleza tofauti. *Pupa*, alisema, ina tamaa ndani yake. Mwenye pupa amekiona anachokitaka na hawezi kungoja. *Papara* iko mikononi. Mwenye papara anaangusha vikombe. Lakini aliyekurupuka ameshtuliwa. Mwili umeshaondoka, akili bado imelala.

Mkurugenzi alisoma mistari yote mitano, akachukua kalamu nyekundu, akabakiza maneno matatu: *kuamua jambo haraka*.

"Hapana," akasema Mzee Taratibu.

"Hapana nini? Haraka ndiyo maana yake. Mtu akiamua haraka, amekurupuka. Tusonge mbele."

"Haraka peke yake si kosa, ndugu yangu. Mzima moto anaamua haraka. Mke wangu ni mkunga. Angekuwa anafikiri kwa mwendo wangu, watoto wa mji huu wangezaliwa na ndevu."

Tulicheka, na mambo yangeweza kuishia hapo. Lakini mkurugenzi alikuwa hajalala vizuri kwa majuma kadhaa, kiwanda kinampigia simu, na kicheko chetu kilimchoma. Akasema, bila kuinua uso, "Hatuandiki kamusi ya mkeo."

Tukamtazama mkurugenzi. Huyu ndiye aliyesimama naye siku ya harusi. Huyu ndiye aliyekuwa akila kwao kila Jumapili na kumwita mama wa nyumba ile shemeji.

Mzee Taratibu akainuka. Kiti kikaanguka nyuma yake na hakukiokota. Akachukua kadi moja tupu, akaandika, "Najiuzulu. Leo," akaiweka mezani, akatoka. Mtu aliyewahi kukaa siku tatu na neno *na*, aliandika barua ya kuacha kazi kwa muda ambao wengine tungekuwa bado tunachonga penseli.

Yaliyotokea nyumbani tumesimuliwa na mkewe, ambaye anayasimulia vizuri kuliko mtu yeyote. Alikuwa uani anaanika nguo. Akamwona mumewe anaingia, jua bado liko juu.

"Umerudi mapema."

"Nimeacha kazi."

"Kazi ipi?"

"Nina kazi ngapi? Ya kamusi."

Akabana shati la mwisho kwenye kamba. "Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ya neno."

"Neno gani hilo?"

Hapo Mzee alijaribu kulizunguka, lakini ukiwa umeoa mkunga huzunguki. Ikabidi aseme. "Kukurupuka."

Mama alicheka hadi akakaa juu ya beseni lililogeuzwa. "Baba watoto! Yaani umekurupuka kwa sababu ya kukurupuka!" Akacheka tena, akafuta macho kwa kanga. Halafu akamtazama mumewe vizuri. Kicheko kikakatika. Akainuka, akamshika mkono, wakaingia ndani.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Kila asubuhi Mzee Taratibu alinyoosha shati, akalivaa, akakaa sebuleni hana pa kwenda. Alirekebisha bawaba za milango yote, ikiwemo isiyolia. Alimwandikia muuza duka jirani kibao upya kwa sababu kile cha zamani kilikuwa na kosa la tahajia, na muuza duka akamshukuru kwa sura ya mtu asiyejua ameshukuru nini. Alitaka kurudi. Alijua amekosea, na tangu jioni ya kwanza alijua. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na yeye alikuwa ameyamwaga mbele ya ofisi nzima.

Kwetu hali haikuwa bora. Wapiganapo tembo wawili nyasi huumia, na nyasi ndio sisi. Herufi K iligoma kuisha. Mkurugenzi alipita mlangoni kwa rafiki yake kila asubuhi kama mtu aliyesahau kitu, akatazama meza, akaendelea na safari. Siku moja mwenzetu alipokaa kwenye kiti cha Mzee ili tu afunge kamba ya kiatu, aliambiwa ainuke. Kila mmoja kati ya wazee hawa alikuwa anamngoja mwenzake aanze, na wote wawili walikuwa hodari wa kungoja.

Jambo moja alilobaki nalo Mzee ni kwenda hospitali kila alasiri kumchukua mkewe akimaliza zamu. Alikuwa akikaa kwenye benchi la korido ya wodi ya wazazi, mkono juu ya goti, anangoja. Na alikuwa hapo siku mkurugenzi alipotokea mwisho wa korido, kamshika bintiye mkono, begi begani.

Ilikuwa mimba ya kwanza ya binti huyo. Mumewe alikuwa safarini, mama yake alikuwa ameshafariki, na baba ndiye aliyekuwepo. Wauguzi walimpokea binti, mlango ukafungwa, na mkurugenzi akabaki amesimama na begi. Benchi lilikuwa moja tu. Akakaa. Begi likawa katikati yao. Wakaitikiana kwa vichwa.

Saa zikaenda. Ndani sauti ya binti ikapanda na kushuka. Kisha ghafla ikasikika kengele, viatu vya muuguzi vikapita mbio, mlango mmoja ukafunguliwa kwa kishindo, na mtu akaita kwa sauti kali, "Kitanda! Leteni kitanda!"

Mkurugenzi aliruka kutoka kwenye benchi. "Namtoa hapa," akasema. "Nampeleka hospitali kubwa, ile ya ng'ambo ya mji. Kuna teksi pale nje." Akashika kamba ya begi akaivuta.

Begi halikuja. Mzee Taratibu alikuwa ameshika kamba ya pili.

"Kaa chini, ndugu yangu."

"Niachie!"

"Sikuachii. Unakimbia nini?"

"Sijui!" Mkurugenzi alipaza sauti hadi korido nzima ikageuka. "Sijui, sijui, niachie tu!"

Hapo mlango ukafunguka. Kitanda cha magurudumu kilitoka kikisukumwa na wauguzi wawili, binti amelala juu yake, nyonga zimeinuliwa kwa mito. Na juu ya kitanda hichohicho, amepiga magoti, alikuwa mkewe Mzee Taratibu, mkono wake mmoja umefichwa chini ya shuka. Kamba ya kitovu ilikuwa imemtangulia mtoto, na mkono ule ulikuwa unakizuia kichwa kisiibane. Alikuwa ameliona tatizo, akaamua, akapanda kitandani, yote kabla kengele haijanyamaza. Alipopita hakumtazama mumewe wala shemeji yake. "Kitovu kimetangulia, tunaingia upasuaji," alisema. "Binti yuko sawa. Pisheni."

Wakapisha.

Wale wazee wawili walirudi kwenye benchi, begi juu ya mapaja yao, kila mmoja bado ameshika kamba yake. Mzee anasema hakuwahi kuona muda unaotembea vibaya vile. Alimsikia mwenzake akinong'ona maneno ambayo si ya kuandikwa kwenye kamusi wala kwenye taarifa ya ofisi, kwani yalikuwa kati yake na Mola wake. Foleni ya barabara ya ng'ambo ya mji kila mtu anaijua. Teksi ingekuwa bado imekwama humo.

Mtoto alipolia, alilia hasa. Alikuwa wa kike. Baadaye mkunga akatoka anaunyoosha mkono wake, ambao ulikuwa umekufa ganzi hadi begani. Mkurugenzi alisimama, akaanza, "Shemeji…"

"Mjukuu wako ana sauti," mama akamwambia. "Kama yako mikutanoni."

Walicheka kwa pamoja, kisha mkurugenzi akalia, na Mzee Taratibu akashughulika kuifunga zipu ya begi ambayo haikuwa wazi. Walipofika mlango wa nje, mkurugenzi akauliza bila kumtazama:

"Jumatatu unakuja?"

"Si nimeacha kazi?"

"Nani kasema? Uko likizo. Niliwaambia watu wa utumishi kwamba uko likizo."

"Uliwaambia lini?"

"Kabla hatujaokota kiti chako."

Jumatatu akaja, na shati lake limenyooshwa. Hakutoa hotuba na hakuna aliyemwomba. Chai ya rangi ilikuwa mezani. Tulipoingia kwenye chumba cha mikutano, mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyeitoa kadi ya neno lile, akaisoma: "Kukurupuka. Nani ana mfano?"

Sote tukatazama meza kwa bidii.

"Mimi ninao," akasema Mzee Taratibu. "*Alikurupuka akaacha kazi.*"

Mkurugenzi akaandika. Akafikiri kidogo. "Ongeza na huu. *Baba alikurupuka kutaka kumtoa mgonjwa hospitalini.*"

Hivyo ndivyo mifano ile miwili ilivyoingia, na imebaki katika kila toleo tangu hapo. Walimu wamekuwa wakituandikia kuisifu, wakidhani ni ya kubuni. Maana yenyewe waliiandika pamoja, mmoja akisema na mwingine akikata: *kuamua au kutenda kwa mshtuko, kabla hujajua unachokikimbia wala unachokiendea.* Pamoja na kware na mtoto aliyelala, na maelezo ya pupa na papara, ikawa mistari minane badala ya mitano. Kiwanda kikalalamika. Mkurugenzi akaenda kwenye dibaji, ambayo alikuwa ameiandika yeye na ilikuwa na picha yake, akaitoa picha, akaifuta nusu ya ukurasa, nafasi ikapatikana.

Baada ya hapo waliendesha ofisi hii pamoja kwa miaka mingi, na hatukumbuki miaka iliyokuwa na ugomvi mwingi wa maneno na amani nyingi ya mioyo kama ile. Mzee alisimamia toleo la tatu na kamusi ndogo ya shule. Aliwafundisha wahariri wote mnaowaona leo, kwa njia yake: anakupa neno moja, anakuacha nalo wiki, kisha anakuuliza mmefahamiana. Kompyuta zilipokuja alizipokea kwa heshima kama wakwe, hakuziamini, na kwa mwaka mzima aliendelea kuandika kadi pembeni. Mwaka wa pili akazikubali, na ikawa yeye ndiye tunayemwita tukikwama, ingawa alikuwa akibonyeza kila kitufe kama anayepima joto la maji.

Mkurugenzi alitangulia mbele ya haki akiwa bado kazini. Mazikoni Mzee Taratibu aliombwa aseme machache. Akasimama, akanyamaza, na watu waliomzoea wakasubiri, wakijua analitafuta neno. Tulisubiri sana. Mwisho akatikisa kichwa, akakaa. Wengi waliongea vizuri siku ile, lakini tukio tunalolikumbuka ni lile. Kwa miezi kadhaa baadaye, saa ya chai ilipofika, alikuwa akiinuka na kikombe chake, anafika hadi mlango wa ofisi ile nyingine, anasimama, anarudi. Siku moja karani wa mapokezi akahamishia kiti chake na birika lake mezani kwa Mzee, akisema kule kwake kuna upepo. Hakuna upepo mapokezi. Wamekunywa chai pamoja hadi wiki hii.

Jengo litakuwa na ukimya tusiouzoea. Tutakosa kikohozi chake kidogo kabla ya kusema "hapana". Tutakosa namna anavyolitamka neno geni mara tatu, polepole, jicho moja limefumba, kama anayeonja chumvi. Tutamkosa mtu ambaye hakuwahi kumcheka yeyote kwa kosa la lugha, kwa sababu, anasema, kosa la leo linaweza kesho kuwa kidahizo, neno lenye maelezo yake kamusini, na wewe utaonekana mjinga kwenye makaratasi.

Kwa mama, mkunga wetu mstaafu, ahsante kwa kutuazima mumeo kwa muda mrefu hivi na kuvumilia maneno aliyokuletea mezani. Sasa anarudi kwako mzima. Bawaba za milango zijiandae.

Nawe, Mzee wetu, tunakuombea asubuhi zisizo na haraka, afya, na usingizi mwema wa alasiri. Toleo la nne litatoka kiwandani wewe ukiwa nyumbani, na kwa mara ya kwanza utalifungua kama msomaji, kama watu wengine. Utakuta kosa. Tumepitia kila ukurasa, na bado utalikuta. Ukilikuta, tafadhali usitupigie simu. Njoo mwenyewe.